Naomba ushauri: kifundo cha mguu cha mchezaji wetu kinateguka mara kwa mara

Ndugu wanachama, salaam. Mimi ni kocha wa timu ya soka ya wasichana hapa Tanga, na naomba msaada wenu kuhusu winga wetu ambaye kifundo chake cha mguu wa kulia, tangu kilipoteguka msimu uliopita, hulegea kila anapogeuka ghafla au kutua baada ya kurukia mpira. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, uvimbe umekwisha na maumivu hayapo. Tumemfanyisha mazoezi ya kunyanyua visigino, kuvuta tyubu ya baiskeli kwa unyayo kuelekea nje, na kusimama kwa mguu mmoja. Akifumba macho, vidole vya mguu huo hung'ang'ania sakafu na kifundo hutetemeka, ilhali mguu wa kushoto hutulia. Nafahamu kwamba kano zikiumia, hata uwezo wa mwili kuhisi mguu umekaaje hupungua, ndiyo maana sitaki kumharakisha, ingawa ana hamu kubwa ya kucheza.

Je, ni vipimo gani vya uwanjani, visivyohitaji mashine, vitakavyonionyesha kuwa yuko tayari kwa mechi? Na je, kuruka kwenye mchanga wa ufukwe wa Raskazone kutamfaa kwa sasa, au aanzie kwenye ardhi ngumu akiwa amefungwa bandeji?