Mjadala: Je, kujifunza kuota huku ukijua unaota kunabadilisha mtazamo wa mtu juu ya maisha?

Mkesha (mleta mada)
Wakuu, tusipoteze muda kubishana kama jambo hili lipo. Mwaka 1975 Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alimrekodi Alan Worsley akiwa usingizini, akichezesha macho kushoto na kulia kwa namna waliyokubaliana kabla hajalala. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, naye akapata ushahidi wa aina hiyohiyo na kuuchapisha 1981. Mwili ukiwa kwenye usingizi wa ndoto, misuli karibu yote inazimwa isipokuwa ya macho na ya kupumulia, ndiyo maana ishara zikapita. Hilo limekwisha.

Swali langu ni hili: mtu akijifunza kwa miezi kadhaa, anabadilika anavyoyatazama maisha? Nasema ndiyo. Ndani ya ndoto unagonga meza inalia, unagusa ukuta una ubaridi, na papo hapo unajua hakuna meza wala ukuta, ni kichwa chako kimeutengeneza ulimwengu mzima. Aliyepitia hapo hawezi tena kuichukulia hofu yake au hasira yake kama picha kamili ya mambo yalivyo. Anajua akili yake inaweza kumjengea kitu kizima kisichokuwepo. Na niseme wazi, mtu anayelala moja kwa moja hadi asubuhi, mwaka baada ya mwaka, anatupa bure sehemu nzuri ya maisha yake.

Usingizi Kwanza
Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayoharibu watu. Anatupa bure? Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na mbinu yenu kubwa ni kuukata katikati: mtu aamke alfajiri, kisha arudi kulala akitarajia kujitambua ndotoni. Analala saa tano usiku, kengele inamgutusha saa kumi alfajiri, anakaa macho nusu saa hadi saa nzima, na saa kumi na mbili anatakiwa awe ameamka. Piga hesabu mwenyewe, hapo kabakiwa na saa moja au moja na nusu. Mtu wa namna hiyo baada ya wiki mbili anasahau, anakasirika ovyo, anasinzia kwenye usukani. Kama huo ndio mtazamo mpya, heri ule wa zamani.

Daftari la Kitandani
Nijibu swali lililoulizwa. Mabadiliko yapo, ila Mkesha kayaweka mahali sipo. Yanaanza kabla mtu hajajitambua ndotoni hata mara moja, na yanaanzia kwenye daftari.

Weka daftari na kalamu palipo karibu na mkono. Ukiamka usijigeuze wala usifungue macho, baki ulivyolala. Shika tukio la mwisho unalolikumbuka, kisha rudi nyuma: kabla ya hapo nilikuwa wapi, nilikuwa na nani? Ndoto ikiisha kukusanyika ndipo uandike: mahali, watu, ulichohisi, na kitu kimoja ambacho kisingewezekana ukiwa macho. Simu haifai kwa kazi hii. Mwanga unakuchoma macho, ujumbe mmoja unausoma, na ndoto imeshapotea.

Baada ya wiki tatu au nne soma kurasa zote kwa mkupuo. Utakuta mambo yanayojirudia: mtihani ambao hukujiandaa, basi linalokuacha, meno yanayong'oka, mtu fulani ambaye mchana unasema umeshamsamehe. Hapo mtu anakutana na wasiwasi wake kwa mwandiko wake mwenyewe, na hana wa kumbishia.

La pili ni kujipima mchana. Bana pua, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi mara nyingi inapita. Au soma mstari, tazama pembeni, usome tena. Ndotoni maneno hubadilika. Wengi wanashindwa kwa sababu wanafanya kwa mazoea huku wameshajijibu kwamba wako macho. Ukizoea hivyo mchana, ndotoni pia utabana pua, utajijibu "niko macho", na utaendelea na safari. Mwanasaikolojia Paul Tholey wa Ujerumani alisisitiza kwamba swali liulizwe kwa dhati: nimefikaje hapa? Saa moja iliyopita nilikuwa nafanya nini? Anayejiuliza hivyo mara kumi kwa siku, akisubiri jibu kweli, ameacha kuishi kwa kujiendea tu. Ndoto yenyewe ni ziada.

Mkesha
Usingizi Kwanza, sikumtukana mtu, na hesabu yako umeipanga ili ishindwe. Nani kasema ulale saa tano kama kesho una kazi? Fanya usiku wa kuamkia mapumziko, na uongeze muda wa kulala asubuhi kufidia ule uliokaa macho.

Na wewe unayejua usingizi unajua kwa nini ni alfajiri. Mizunguko ya usingizi ni kama dakika 90 kila mmoja. Kwenye ule wa kwanza kipande cha ndoto ni dakika chache tu, kisha kinarefuka kadiri usiku unavyokwisha, hadi nusu saa na zaidi. Kujaribu saa sita usiku ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mpembuzi
Mnabishania kengele bila takwimu. Utafiti wa Denholm Aspy wa Australia, 2017: waliochanganya kujipima mchana, kuamka baada ya kulala kwa muda wa saa tano, na kuweka nia kabla ya kurudi kulala (kujiambia kwamba utakumbuka unaota), walifanikiwa takriban 17% ya majaribio ndani ya wiki moja. Waliorudi usingizini ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia walifika karibu 46%. Kwa hiyo wengi wanaamka bure usiku mwingi.

Na kuhusu mtazamo: uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, wa 2016, ulikadiria kwamba 55% ya watu wamewahi kujitambua ndotoni angalau mara moja. Kama kugonga meza ya ndoto kungetosha kumbadilisha mtu, zaidi ya nusu ya watu wangekuwa wameshabadilika.

Nyota ya Alfajiri
"Wanaamka bure." Mpembuzi, wanaamka bure kwa sababu hawafundishwi cha kufanya wakishaamka. Takwimu yako hiyohiyo ya 46% inaonyesha siri ilipo: ni kurudi usingizini haraka baada ya kuweka nia, ingali mbichi.

Ukiamka, kumbuka ndoto uliyotoka nayo, iandike kwa kifupi. Kaa nje ya kitanda, taa hafifu, usiguse simu, usile. Kukaa macho dakika tano ni kuchache mno, utaanguka usingizini kabla nia haijakaa. Saa moja na nusu ni nyingi, utabaki unatazama dari. Wengi wanafaa kati ya dakika 20 na 40. Kisha lala, irudie ile ndoto kichwani, fika kwenye kile kitu kisichowezekana, na jione pale unapogundua kwamba unaota. Huku unajiambia: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Sema ukimaanisha. Akili ikitangatanga, rudi mwanzo. Hiyo ndiyo mbinu ya LaBerge, na nguvu yake ni ileile ya kukumbuka kuchukua kitu ukipita mahali.

Na kengele si lazima! Watu huamka kidogo wenyewe mwishoni mwa vipindi vya ndoto, wanajigeuza na kusahau. Jifunze kuvidaka vipindi hivyo na huhitaji kumgutusha mtu yeyote.

Mkesha
Sasa Nyota nawe unaungana na wanaosema kengele ni adui? Anayeanza hawezi kudaka kitu asichokijua. Kengele kwanza, hayo mengine baadaye.

Nyota ya Alfajiri
Siungani na mtu. Nasema lililo kweli.

Bi. Shwari
Mmekimbilia kengele mkaacha watu wanaoteseka na majinamizi, ambao kwao swali la mleta mada lina uzito kuliko kwetu sote. Anayefukuzwa kila usiku huogopa hata kupanda kitandani, na siku yake nzima inaharibika.

Mchana, chagua jinamizi moja, lisiwe kali kupita yote. Andika mwisho mwingine, wowote unaoutaka. Ujirudie kichwani dakika kumi hadi ishirini kila siku. Ukijitambua ndotoni, usikimbie wala usipigane. Simama, geuka, muulize anayekufukuza: "Unataka nini?" Kosa kubwa ni kujilazimisha kuamka kwa kupiga kelele. Mara nyingi unaishia kuamka kwa uongo, chumba ni chako, kitanda ni chako, kumbe bado uko ndotoni na hofu imeongezeka. Jipime kila unapoamka katikati ya jinamizi.

Waholanzi Spoormaker na van den Bout walilijaribu hili kwa wagonjwa, wakachapisha 2006, na majinamizi yalipungua. Haikuwa wazi ni kujitambua kwenyewe kulikosaidia au ni kule kuandika mwisho mpya.

Usingizi Kwanza
Bi. Shwari, sentensi yako ya mwisho imemaliza kesi. Kalamu mchana inaweza kutosha, usingizi hauguswi.

Bi. Shwari
Haijamaliza kitu. Nimesema haikuwa wazi, wewe umesikia "kalamu inatosha". Anayejua kwamba anaweza kugeuka na kusimama hulala akiwa mtu tofauti, hata usiku ambao hakujitambua. Na wewe unayetetea usingizi ungekuwa wa kwanza kumtetea mtu huyu.

Mgeni Hapa
Naomba kuuliza, nasikia kuna vidonge vinavyoharakisha. Ni kweli?

Mpembuzi
Ni galantamini. Utafiti wa LaBerge na wenzake, 2018, watu 121. Waliojitambua ndotoni: kwa kidonge kisicho na dawa 14%, kwa miligramu 4 ni 27%, kwa miligramu 8 ni 42%. Walimeza baada ya kama saa nne na nusu za usingizi, wakakaa macho angalau nusu saa, wakaweka nia. Kidonge peke yake bila hayo hakijapimwa pale.

Usingizi Kwanza
Unampa mtu mgeni dozi bila kumwambia ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu? Inapunguza mapigo ya moyo, inaleta kichefuchefu na kutapika, na mwenye pumu au tatizo la moyo inaweza kumletea balaa. Mgeni, usiiguse bila daktari.

Mpembuzi
Sikumpa dozi, nimetoa matokeo. Lakini onyo lako ni sahihi, na mimi naongeza jingine lenye uzito zaidi kwenye mada hii. Mwaka 2018 watafiti Aviram na Soffer-Dudek walikuta kwamba kuota hivyo mara kwa mara hakukuhusiana na ugonjwa wa akili, ila kuzikazania mbinu zenyewe kulitabiri ongezeko la dalili za kujiona uko nje ya mwili wako au dunia kuonekana si halisi, ndani ya miezi miwili. Mtazamo wa maisha ukibadilika kuelekea huko ni hatari. Mwenye historia ya kuona au kusikia visivyokuwepo asianze kabisa. Na yeyote ambaye mchana unaanza kumwonekea kama ndoto aache kujipima na aache kengele.

Daftari la Kitandani
Ndiyo maana nasema swali liishie kwenye jibu. Unauliza, unahakikisha, unajiambia "niko macho", unaendelea na kazi. Wanaofundisha kutembea kutwa ukijiambia "haya yote ni ndoto" wanafundisha vibaya, na wengi wanafanya hivyo kwa sababu inasikika vizuri.

Mkesha
Hapo nakubaliana nawe, na ndipo hoja yangu ilipo. Tazameni kinachotokea mtu anapojitambua mara ya kwanza. Anashtuka kwa furaha, moyo unakwenda mbio, picha inafifia kuanzia pembeni, kwisha. Sekunde chache tu. Tiba yake ni kusugua viganja mpaka uhisi joto na msuguano, kisha tazama vitu vya karibu kimoja baada ya kingine: nyuzi za shati, punje za mchanga. Usikazie macho kitu kimoja, picha inaganda na kuvunjika. Usijaribu kuruka angani dakika ya kwanza. Akitulia, ndoto inakaa. Akitaka kulazimisha kila kitu, inamponyoka. Niambieni mtu anayefanya zoezi hilo mara kwa mara halimfundishi kutulia.

Mpembuzi
Linamfundisha kutulia ndotoni. Kwamba utulivu huo unahamia kwenye kikao cha kazini au ugomvi wa nyumbani, hujaonyesha.

Mkesha
Na wewe hujaonyesha kwamba hauhamii.

Usingizi Kwanza
Mwenye dai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, Mkesha.

Mgeni Hapa
Samahani, jingine. Nimesoma kuna njia ya kuingia ndotoni moja kwa moja ukiwa macho, bila kupoteza fahamu. Inafaa kwa anayeanza?

Nyota ya Alfajiri
Haifai. Wanaoijaribu mara nyingi hukutana na kukabwa na jinamizi: macho yamefunguka, mwili umefungwa, kifua kizito, pengine unahisi kuna mtu chumbani. Ni ule uzimwaji wa misuli ambao Mkesha kauandika juu, safari hii akili imeamka kabla ya mwili. Pumzi inaendelea hata ukihisi haipiti. Usishindane nao, hofu ndiyo inayourefusha. Pumua polepole, jaribu kuchezesha kidole cha mguu au ulimi, utaachia. Wanaolala chali hupata zaidi, kwa hiyo lala ubavu.

Daftari la Kitandani
Mgeni, fuata mpangilio huu. Wiki mbili za mwanzo daftari tu, hakuna kengele, hakuna kidonge, na usiku ulale saa zako kamili. Pombe iache, maana inabana usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku na kuukatakata ule wa mwisho. Ukifika mahali unakumbuka angalau ndoto moja karibu kila asubuhi, ongeza kujipima mchana. Kuweka nia fanya pale unapoamka mwenyewe alfajiri.

Mkesha
Na kengele usiku mmoja kwa wiki, wa kuamkia mapumziko.

Usingizi Kwanza
Mmoja. Si miwili.