BABU?! Mimi na miaka yangu 41 nimeitwa BABU katikati ya Ziwa Victoria!

Wakuu, nimetoka ziwani sasa hivi. Bukta haijakauka na bado natetemeka. Si baridi. Ni hasira.

Yule mwalimu wa kayaki mnamjua, msijifanye. Yule wa miwani myeusi hata mvua ikinyesha, wa "tulia, sikiliza maji". Jamaa kwao Dodoma, maji mengi ya kwanza kuyaona maishani yalikuwa ndani ya simtanki, halafu leo ananiita mimi Babu. Mimi Mkerewe! Nimezaliwa nikakuta mtumbwi mlangoni!

Nimelipa elfu hamsini, somo la wanaoanza. Nusu saa nzima tumekalishwa ndani ya kayaki juu ya mchanga, tunapiga kasia hewani, watoto wa mwaloni wanatuzomea. Boya alilonipa ni la mtoto wa darasa la tatu, limenibana mpaka sauti ikawa nyembamba. Nikavumilia.

Kuingia majini, kile kidude hakiendi mbele. Napiga kulia, kinageuka kushoto. Napiga kushoto, kinarudi kulia. Nikakipiga kwa hasira, kikazunguka kama pia. Mtumbwi wa kwetu ukiuambia twende, unakwenda. Hili ni beseni lenye kiburi. Na muda kaupanga yeye, saa tisa alasiri, upepo wa ziwa ushaamka, unanisukumia kwenye mawe.

Ndipo akaja. Akafunga kamba puani mwa kayaki yangu, akasema: "Babu, weka kasia chini, utaumia bure. Nakuvuta."

BABU. Kifungua mimba wangu yuko darasa la sita!

Akanikokota kama mbuzi wa mnadani hadi mbele ya Jiwe la Bismarck, na feri ya Kamanga nayo ndiyo inaingia. Imejaa. Simu zote juu. Mama mmoja akapaza sauti: "Jamani, huyo mzee kazidiwa?" Na yule bwana akajibu bila hata kugeuka: "Hapana mama, Babu anajifunza."

Babu anajifunza. Wakuu, BABU ANAJIFUNZA. Nawasilisha.

Sangara Mkavu: Hapo kwenye "Babu anajifunza" nimemwaga chai. Una mvi lakini?

Mleta uzi: Chache. Za kurithi.

Sangara Mkavu: Basi shikamoo Babu.

Kitukuu cha Nansio: Sisi Wakerewe tunakukana rasmi kuanzia leo. Mkerewe kuvutwa kwa kamba ziwani ni kama Mmasai kumkimbia ndama.

Mtu wa Maji: Mkuu, kayaki haitaki mabavu. Kasia liingie karibu na miguu, ulivute ukilibana ubavuni mwa chombo, likifika usawa wa nyonga litoe. Nguvu itoke kiunoni, si mikononi. Wewe ulikuwa unalipeleka mbali kama unafukuza nyuki, lazima kizunguke.

Mleta uzi: Wewe ndiye yeye. Vua miwani.

Mtu wa Maji: Hapana Babu.

Mganga wa Zamu: Mnacheka, lakini mlipandia pale penye matete? Maji yaliyotulia kwenye majani ndiyo makao ya konokono wa kichocho, na mdudu wake anapenya ngozi. Baada ya wiki kadhaa kapime.

Mleta uzi: Kwa hiyo nimelipa elfu hamsini nipewe na kichocho? Na bado niitwe Babu?

Sangara Mkavu: Picha hakuna? Uzi bila picha haujaiva. Nani alikuwa kwenye feri?

Mama Wawili: Afadhali wewe Babu una mvi. Mimi nina miaka 33, konda wa Buhongwa kaniambia "bibi sogea nyuma". BIBI. Nimebeba mtoto wangu mwenyewe, akadhani mjukuu.

Sangara Mkavu: Konda gani? Yule wa kofia ya kuning'inia? Ana mia tano yangu tangu Pasaka!

Mama Wawili: Huyohuyo!! "Chenji nakupa mbele." Mbele gani, mpaka gari linageuza!

Kitukuu cha Nansio: Mia tano hizo? Mimi ninashea luku na jirani mwenye friji mbili, na zamu ya kununua umeme ikimfikia anasafiri.

Mama Wawili: Usituchanganyie mada, tuko kwa konda.

Mleta uzi: Subirini kwanza. Huyo wa kofia ana pengo? Mbona na mimi ana elfu mbili yangu?

Sangara Mkavu: Pengo la juu, kulia. Mfungulie uzi wake, tunahamia huko.