Matone ya grafini kwa saratani: kweli au tunapigwa?

Kifunguamimba:
Wakuu, dada yangu ana saratani ya titi, yuko mzunguko wa tatu wa tibakemikali. Kuna jamaa anamuuzia matone ya kunywa, eti yana grafini, "karatasi ya atomi inayochoma uvimbe tu". Nikimwambia dada asubiri, ananiona mchawi. Wenye ujuzi semeni.

Pipeti:
Pole kwa kuuguza. Mnapigwa. Ila jamaa hakuyaokota hewani, ndiyo maana yanaingia akilini.

Grafini ni kaboni ya penseli iliyobanduliwa hadi ikabaki tabaka moja la atomi. Wanafizikia Geim na Novoselov waliibandua 2004 kwa utepe wa gundi (kweli kabisa!), wakapata Nobeli 2010. Kitu chembamba hivyo ni uso mtupu: gramu moja, kwa hesabu, ina mita za mraba 2,630. Dawa za tibakemikali kama doksorubisini hunata juu yake kwa wingi. Tena ukiimulika kwa leza, inapata joto, na panya wenye uvimbe chini ya ngozi wametibiwa hivyo maabara.

Lakini ni kwa leza. Matone yakishamezwa, nani anayamulika? Hata zikidungwa mshipani, chembe za nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) nyingi huishia kwenye ini na wengu. Uchambuzi wa 2016 wa tafiti za wanyama ulikuta kiasi cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya dozi.

Mimi maabara nilihangaika na ndugu ya grafini, fosforasi nyeusi, inayosifiwa kwa kuvunjika mwilini ikawa fosfeti. Ijumaa moja sikubana kifuniko, hewa ikaingia. Niliacha chupa ina rangi ya strungi, Jumatatu nikakuta maji yasiyo na rangi. Wiki mbili za kazi, fosfeti tupu! Grafini haiozi upesi hivyo, na hilo nalo ni tatizo: mwili unaitoaje?

Kifunguamimba:
Anasema imeshaidhinishwa.

Pipeti:
Hakuna dawa ya saratani ya grafini iliyoidhinishwa popote. Dawa za nano zipo, mfano Doxil, doksorubisini ndani ya vifuko vya mafuta, Marekani tangu 1995. Hiyo hudungwa hospitalini.

Nesi wa Zamu:
Kama ameshakunywa, msimfokee. Nendeni na chupa yenyewe kliniki kabla ya dozi ijayo, daktari aangalie ini.

Kifunguamimba:
Ameshakunywa siku nne. Chupa ninayo hapa, imeandikwa "tikisa kabla ya kutumia" basi.