Wakuu, nihamishe maandishi yangu kwenye tovuti yangu mwenyewe au nibaki kwenye mitandao ya kijamii?

Kimara_Mwisho:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mlio kwenye fani ya programu.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, kazini ni Kijitonyama, natengeneza mifumo ya malipo kwa simu. Nikipata kiti kwenye basi la mwendokasi huwa naandika niliyokutana nayo kazini: kwa nini mteja anaweza kukatwa hela mara mbili mtandao ukiyumba, na jinsi namba ya muamala isiyojirudia inavyozuia hilo. Mara nyingine naandika tu maisha, kama kulea mtoto mchanga huku simu ya kazini inaita saa nane usiku. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu vijana ninaowaelekeza kazi wananielewa haraka hivyo, na wakitafuta mtandaoni karibu kila kitu ni Kiingereza.

Tatizo, yote hayo yako kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za mitandao. Baada ya siku chache andiko limezama, hata mimi silipati. X (Twitter ya zamani) ilipozuiwa nchini Mei 2025 nilipotezana na watu wengi niliokuwa nawasoma. Natamani kurasa nyepesi za HTML (lugha ya msingi ya kutengenezea kurasa za tovuti), zangu, bila matangazo. Mke wangu anauliza itaingiza nini, na ana haki ya kuuliza. Wenzangu wanasema hakuna anayefungua tovuti ya mtu siku hizi. Nianze au niache?

FundiSeva:
Anza mkuu. GeoCities iliyobeba tovuti za watu ilifungwa 2009, Google Reader ya kusomea blogu 2013, mtandao wa kijamii wa Google+ 2019, na zote zilikuwa na wenyewe wenye fedha. Kurasa tuli, zile zisizohitaji programu ya kuziendesha kwenye seva, unaweza kuziweka kwenye huduma ya GitHub Pages bila malipo, ukabaki na gharama ya kikoa tu, yaani jina la tovuti. Kuna .me.tz kwa watu binafsi. Ila sikiliza hili kwa makini: kikoa kiandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama kuna fundi anakusaidia. Nimeona watu wanabembeleza kurudishiwa jina la biashara yao wenyewe.

Mdau_Kariakoo:
Mimi napinga kidogo. Mdogo wangu ananunua bando la mitandao ya kijamii tu, kiungo cha nje hafungui. Ukihama kabisa, hao vijana unaowasaidia utawaacha nyuma.

DadaTehama:
Mdau ana hoja, lakini si lazima ahame. Andiko zima likae kwake, kwenye grupu atume aya mbili zenye kiini pamoja na kiungo. Asiye na bando atapata kiini, mwenye nalo ataendelea. Na weka RSS kaka, njia ya msomaji kupokea maandiko mapya yenyewe bila kuyatafuta, wapo wanaoitumia bado.

Halafu kazania wepesi. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu? Wakati kama ule ukurasa wa kilobaiti 20 una nafasi ya kufunguka, ule uliojaa video na vifuatiliaji (vijiprogramu vya kumfuatilia msomaji) unazunguka tu. Tumia fonti zilizomo kwenye simu ya msomaji. Pia pitia mkataba wako wa kazi: eleza kanuni za ufundi, usimwage mfumo wa mwajiri.

Mwanasheria_Mtaani:
Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka wenye blogu wawe na leseni, na ada zake zilikuwa nzito. Zimerekebishwa tangu hapo. Kabla hujazindua waandikie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ueleze unachochapisha, upate jibu la maandishi.

Mzee_wa_Posta:
Mwanangu, hilo swali la mkeo usilikwepe. Mwambie wazi kwamba huenda isiingize shilingi, mkubaliane muda na bajeti. Lakini mwambie na hili: tarehe 30 Aprili 1993 CERN, kituo cha utafiti alikokuwa akifanya kazi mvumbuzi wa wavuti Tim Berners-Lee, iliachia teknolojia ya wavuti itumike na yeyote bila malipo. Mshahara wako wote umesimama juu ya hicho kilichotolewa bure. Kijana wa Mbagala akijifunza kazi kupitia andiko lako la Kiswahili, kwangu mimi hiyo ni faida kamili. Na usiyaache yale ya mtoto na usiku. Ya ufundi yatapitwa na wakati, hayo mengine watu watayatafuta.

Kimara_Mwisho:
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimezungumza na mama watoto, amekubali ada ya kikoa na Jumamosi asubuhi kila wiki. Nitafuata njia ya DadaTehama, na barua ya TCRA naiandika kwanza. Swali la mwisho: siku nikishindwa kulipia, yote yanapotea?

FundiSeva:
Jina linaweza kupotea, maandishi hapana. Andika kila kitu kwa maandishi matupu, weka nakala kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Kila ukichapisha, ingiza anwani ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za wavuti ya Internet Archive, wauhifadhi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukishaweka andiko la kwanza tutumie kiungo hapa, nitaangalia kama linafunguka vizuri kwenye simu ndogo.