Naomba ushauri: kutoka N'djili hadi Lemba na mama mwenye goti bovu

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Niko Lubumbashi, mwezi ujao nampeleka mama Kinshasa kutibiwa goti. Tutafikia kwa shangazi kule Lemba, naye hana gari. Ndege inatua uwanja wa N'djili saa kumi na moja jioni, na nasikia saa hizo Boulevard Lumumba, ile barabara ya kutoka uwanjani kwenda mjini, haisogei kabisa. Mama hawezi kupanda wewa, zile pikipiki za abiria. Hata taksi-bisi za hapa kwetu anaingia kwa kushikwa mikono yote miwili, akitanguliza mguu mzima, huku konda anapiga kelele.

Tukodi taksi palepale uwanjani au tungoje msongamano upungue? Nauli ya haki ni franka ngapi? Lingala yangu ni ya kubabaisha, na zile ishara za vidole za kusimamisha taksi sizijui. Ya kwenda Lemba ikoje?