Nasoma masoko, nimechukua historia ya muziki kama kozi ya hiari. Insha ya 4P na santuri za Siti binti Saad inafaa?

KrediTatu:
Wakuu habari zenu. Nipo mwaka wa pili, shahada ya masoko. Semista hii nina kozi ya hiari ya historia ya muziki, krediti 12, na nota sijui kusoma. Alama 40 zinapatikana kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa chuo): jaribio la kusikiliza 15, insha ya maneno 2,500 alama 25. Mhadhiri anaruhusu mada inayogusa fani ya mtu, nikafikiria "Jinsi kampuni ilivyotumia 4P kuuza santuri za Siti binti Saad", yaani bidhaa, bei, mahali na promosheni kwa santuri za yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Naomba kujua: jaribio la kusikiliza naliandaaje bila nota? Na mada hiyo inabeba, au nitakwama katikati? Nawasilisha.

Dumbaki:
Mkuu, anza na hesabu. Kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti 1 ni saa 10 za kazi, kwa hiyo kozi yako ni saa 120, na ndani yake yamo masomo ya peke yako. Wiki 15 maana yake saa 8 kwa wiki. Toa saa 3 za darasani, zinabaki 5, na nyingi kati ya hizo ziende masikioni. Wengi husoma kozi hii kama orodha ya miaka. Siku ya jaribio inapigwa sauti ya sekunde 30 wanabaki kutazamana.

Nota hazihitajiki hapo. Kinachohitajika ni kuiuliza sauti maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: ni ala gani, nani kabeba sauti kuu, pigo linagawanyika kwa mbili au kwa tatu, nguvu inakua taratibu au inaruka ghafla.

Mfano: harpsichord (kinanda cha zamani) na piano. Ndani ya harpsichord kila kibao kinainua kijiti chenye ncha, ncha inakwanyua waya. Bonyeza kwa hasira au kwa upole, ukubwa wa sauti ni karibu uleule. Piano inagonga waya kwa nyundo, ndiyo maana inaweza kunong'ona kisha ikapaza. Kwa hiyo ukisikia kinanda kinapanda nguvu kidogo kidogo kwa mguso wa vidole tu, harpsichord ifute. Ila usiandike "Baroki" (muziki wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750) kwa sababu tu umesikia harpsichord, maana haikuzikwa pamoja na mtunzi Bach mwaka 1750. Sikiliza na besi: ikitembea mfululizo bila kupumua chini ya wenzake, ndipo uwe na ujasiri.

Kwenye taarabu watu huchanganya ala mbili, udi na kanuni, kwa kuwa zote zinakwanyuliwa. Udi hauna vigawanyo shingoni, sauti zinateleza, na ni nzito. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, inachezwa kwa mikono miwili, sauti yake inang'aa na kumwagika haraka.

Mazoezi: kata vipande 20 vya sekunde 30, vingi kutoka katikati ya kazi. Ukizoea mwanzo tu, utakariri mwanzo. Vicheze bila mpangilio, andika jibu kwanza, halafu ndio uangalie jina. Dakika 20 kila siku zinashinda saa 3 za Jumapili usiku.

Bi_Shazi:
Mdogo wangu, mada ni nzuri, kichwa chake ndicho kibovu. Siti alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kwa santuri za chapa ya His Master's Voice. 4P zililetwa na McCarthy, mwanazuoni wa masoko, mwaka 1960. Ukisema kampuni "ilitumia 4P", umeshakatwa alama ukurasa wa kwanza. Sema wewe ndiye unayezitumia, kupangia ushahidi. Ni kosa lilelile ukisema walifanya "mgawanyo wa soko": walitenda kitu kinachofanana nao, jina lilikuja baadaye.

Pia usizigawie P nne kurasa sawa. Bidhaa ndiyo yenye nyama. Santuri ya inchi 10 inabeba dakika 3 na kitu kwa upande. Taarabu ya ukumbini inajinyoosha: ala zinatangulia, beti zinafuata, kiitikio kinarudi, watu wanainuka kutuza, ubeti unarudiwa kwa ajili yao. Sasa iingize hiyo kwenye dakika 3. Kinakatwa nini? Hapo masoko na muziki ni swali moja. Chukua rekodi nne na saa ya kuhesabu sekunde. Andika utangulizi wa ala ni sekunde ngapi, beti ngapi zimeimbwa, kiitikio kimerudi mara ngapi. Jedwali hilo ni bora kuliko kurasa tatu za maisha ya Siti, ambayo mhadhiri wako anayajua tayari.

Mnunuzi naye: taarabu ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu, Siti akaimba kwa Kiswahili. Jenga hoja hapo.

Bei usiiguse bila tangazo au katalogi ya wakati ule mkononi. Na zile takwimu za mauzo zinazozunguka mitandaoni, acha mpaka uone hati. Wasifu alioandika Shaaban Robert utakufaa kuonyesha alivyoheshimiwa. Daftari la mauzo siyo.

MtiMkavu:
Naongezea kwa Bi Shazi, maana hapo kwenye kupima kuna mitego miwili.

Kwanza, santuri ina namba mbili. Ya katalogi iko kwenye lebo, ni ya kuuzia. Ya matriksi kwa kawaida imegongwa karibu na lebo, pale pasipo na mifereji, na inafuata rekodi yenyewe. Santuri ikitolewa upya, ya katalogi inaweza kubadilika. Ukikadiria mwaka wa kurekodi kwa namba ya katalogi, unaweza kujikuta unataja mwaka wa kutolewa upya.

Pili, mwendo. Aliyenakili akizungusha kwa kasi ya asilimia 6 zaidi, yaani kutoka mizunguko 78 kwa dakika hadi kama 82.6, sauti inapanda nusu toni na sekunde zinapungua. Kwa hiyo kuhesabu beti ni salama, sekunde zilinganishe kama sehemu ya wimbo mzima. Kusema "sauti yake ilikuwa ya juu sana" kwa kutegemea nakala ya mtandaoni, hapana.

KrediTatu:
Asanteni sana. Nimebadili kichwa: "Dakika tatu kwa upande: santuri ilivyokata taarabu ya Siti binti Saad". Shikamoo Bi Shazi, maneno 2,500 niyagawe vipi?

Bi_Shazi:
Marahaba. Utangulizi 250, santuri kama bidhaa 500, jedwali na maelezo yake 1,100, lugha na mnunuzi 450, hitimisho 200. Jedwali lianze wiki hii, kabla hujaandika hata sentensi moja ya utangulizi. Rekodi zikigoma kukubaliana na kichwa, ni kichwa kinachobadilishwa.