Jeti za kiwandani za CG125: kitabu cha ufundi, katalogi ya spea au kusoma plagi?

Mluguru_wa_Bondeni
Wakuu, habari zenu. Nimerithi Honda CG125 ya marehemu baba, ya miaka ya 1980. Sitaki kuiongezea nguvu, nataka irudi ilivyotoka kiwandani. Rangi na taa tayari, imebaki kabureta. Jeti kubwa (kile kiskrubu chenye tundu la kupitisha petroli) niliyoikuta ndani imeandikwa 110. Seti ya ukarabati niliyonunua dukani imekuja na 95. Fundi wangu anasema niachane na namba, tusome plagi, yaani rangi yake ikitoka kwenye injini. Nishike lipi?

Keekee
Usishike lolote kwanza. Toa hiyo 110, isimamishe kwenye mwanga wa jua uiangalie kwa lenzi. Mafundi wetu huzibua jeti kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Jeti ni shaba, waya ni chuma, unajua nani anaumia. Mdomo wa tundu ukiwa na mikwaruzo, namba imebaki jina tu. Niliwahi kukuta 105 ambayo pini ya milimita 1.1 inapita bila kugusa popote, wakati kwa Keihin, kabureta za Honda hizi, 105 ni kama milimita 1.05.

Mzee_Monobloc
Hesabu hiyo ni ya Keihin, msiihamishie kila kabureta. Mimi nina pikipiki ya BSA yenye kabureta ya Amal, na huko namba ni ujazo unaopita kwa dakika: 150 ni sentimita za ujazo 150. Sisi tumebarikiwa, jeti mpya za Amal bado zinatengenezwa Uingereza. Kwako wewe, mimi ningeanza na katalogi ya spea kabla ya kitabu cha ufundi.

Dada_Kaunta
Namuunga mkono mzee, na hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kitabu cha ufundi kizuri kwa kimo cha boya na mizunguko ya skrubu ya hewa. Ila watu wanapakua cha soko lingine, wanakariri jeti, halafu wanalaumu plagi. Katalogi inatenganisha kwa soko na kwa namba ya fremu. Angalia herufi: E ni Uingereza, G Ujerumani, U Australia. Na namba ya spea yenyewe inajieleza. Jeti kubwa za Honda huanza na 99101, na tarakimu nne za mwisho ndizo saizi: 1050 ni 105, 0950 ni 95. Ikianza na 99103 hiyo ni jeti ndogo, ya silensa, yaani injini ikinguruma bila kupewa mafuta.

Nakuru_Juu
Swali langu: ya kiwandani kwa nani? Yangu ilitoka Mombasa ikiwa safi. Kufika huku, kwenye mita 1,850 hivi, ikawa inakunywa mafuta na plagi nyeusi tititi. Hewa nyepesi, mafuta yaleyale. Nilishusha saizi mbili ndipo ikatulia. Wewe wa Morogoro huko chini fuata katalogi tu.

Fundi_Kipara
Vijana mnapenda makaratasi. Mimi napanda, mafuta mwisho kilomita moja, nabana klachi na kuzima papo hapo, nafungua plagi. Miaka 30 sijapotea.

Keekee
Shikamoo fundi. Sikatai, lakini hapo umepima mafuta ya mwisho tu. Mkono wa mafuta ukiwa katikati, anayetawala ni sindano na kitundu inamopita, na hicho kikilika kwa kusuguliwa, pikipiki inakohoa hata ukiweka jeti ya dhahabu. Tena ile rangi ya kahawia ya vitabu vya zamani ilikuwa ya petroli yenye risasi. Plagi itamwambia injini inakula vizuri au vibaya. Haitamwambia kiwanda kiliweka nini, na yeye anauliza hilo.

Fundi_Kipara
Marahaba. Hapo sawa. Kijana, hebu tusomee maandishi ya ubavuni mwa kabureta.

Mluguru_wa_Bondeni
Nimeiosha kwa petroli na mswaki mpaka imeng'aa. Jina la Keihin halipo. Hakuna namba ya utambulisho popote, ni alama ya kiwandani tu nisiyoijua.

Dada_Kaunta
Pole. Hiyo ni ya bodaboda, injini za CG zimenakiliwa sana na kabureta zake zinaingia bila kubisha hodi. Basi 110 yako na 95 ya dukani zote hazina hoja. Jeti ya katalogi imepangwa kwa mwili wa kabureta yake, pamoja na vitundu vya hewa na sindano yake. Usinunue hata moja kabla hujapata mwili.

Mluguru_wa_Bondeni
Kumbe marehemu baba alibadilisha kimyakimya. Kuna jamaa Kihonda (ndiyo, Kihonda, msinicheke) ana fremu mbili za CG zimelala bandani, moja haina injini lakini kabureta inaning'inia. Naenda Jumamosi asubuhi. Lenzi nimeshaazima kwa fundi saa.